Chuo Kinatudai Nini?

Kuna utani wa hapa Bongo: ukitaka kumjua aliyesoma Mlimani, usimuulize. Kaa naye dakika tano, atakuambia mwenyewe. Atapitia kwenye stori ya foleni ya Ubungo, au ya profesa aliyekuwa anafundisha huku amewapa mgongo, au ataanza tu na "enzi zetu sisi pale kilimani", na hapo ujue jioni imeisha.

Mimi sikusoma Mlimani. Nilisoma kwingine, na kwa sababu itakayoonekana mbele sitakitaja. Lakini utani huo unanihusu vilevile. Ni zaidi ya miaka kumi tangu nivae joho, na bado namba yangu ya usajili naikumbuka kuliko namba ya NIDA. Mtu wa nje akikisema vibaya chuo chetu nashtuka kama vile ukoo wangu umesemwa. Sisi wenyewe tukikaa tunakichambua mpaka mfupa, lakini mtu wa nje, hapana.

Ukifikiri vizuri ni jambo la ajabu. Chuoni nilikaa miaka mitatu. Shule ya msingi nilikaa saba, ndiko nilikofundishwa kusoma na kuandika, kazi ambayo leo ndiyo inayonilisha, na hakuna mtu aliyewahi kunitumia barua ya kuniomba niikumbuke. Jina la mwalimu aliyenifundisha kushika kalamu limeanza kunitoka. Chuo hakinitoki.

Kwamba tunakipenda chuo, hilo halina ubishi. Ninalotaka kulijua ni kama tunadaiwa, na kama tunadaiwa, mdai ni nani.

Wazungu walilimaliza swali hili kwa neno moja la Kilatini. Chuo ulichosoma ni alma mater, mama mlezi, na mhitimu ni alumnus, ambaye kwa asili ya neno ni mtoto aliyelishwa, mtoto wa kulelewa. Ukishakubali msamiati huo, kesi imekwisha kuamuliwa kabla shahidi wa kwanza hajapanda kizimbani. Nani anabishana na mama? Mama haleti ankara, lakini pia deni lake haliishi.

Kiswahili chetu kilianzia mahali pengine kabisa. Chuo, katika lugha ya zamani, ni kitabu. Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 unajulikana pia kama Chuo cha Herekali, na hakuna kampasi pale: ni kitabu cha habari za Herekali, basi. Baadaye chuo kikawa pia mahali watoto wanapokisomea kitabu, na mtu aliyezama kwenye elimu akaitwa mwanachuoni. Kwa hiyo mwanachuo, ukilifuata neno mpaka mzizi, ni mwana wa kitabu, si mwana wa majengo. Na kwenye elimu ya dini huko Pwani, ijaza anaitoa shekhe kwa jina lake, kama naye alivyoipokea kwa shekhe wake, mnyororo unarudi nyuma mtu kwa mtu. Ukimuuliza mwanafunzi wa aina hiyo alisoma wapi, kuna uwezekano mkubwa akakujibu alisoma kwa nani.

Wajerumani kwa muda mrefu hawakuwa mbali na hapo. Mwanafunzi wao alizoea kuhama, mihula miwili Heidelberg, mingine Berlin, akimfuata profesa anayemtaka, na msimamizi wa tasnifu mpaka leo wanamwita baba wa udaktari. Uaminifu wa maisha waliuhifadhi kwenye vyama vya wanafunzi, vile vya kofia na tepe za rangi, ambako ukiingia umeingia hadi kifo, na wazee waliokwisha kuhitimu ndio wanaochangia nyumba wanamoishi vijana. Kuhusu chuo chenyewe, asante na kwaheri.

Japani wakafanya la tatu. Wahitimu wa Keio, chuo alichokianzisha Fukuzawa Yukichi mwaka 1858, wana mtandao wao unaoitwa Mita-kai, wenye matawi ya kila mwaka wa kuhitimu, ya miji, hadi ya makampuni. Unaingia kazini unamkuta kaka yako wa chuo amekutangulia, anakuonyesha pa kukaa. Inapendeza. Lakini haohao Wajapani wana neno gakubatsu, yaani kundi la waliosoma chuo kimoja wanaobebana ofisini na wizarani, na mara nyingi neno hilo linapotamkwa si kwa sifa.

Nimeandika "kubebana" nikacheka peke yangu, maana kwa sisi tuliopita mabwenini neno hili lina maana nyingine. Kubebwa ni kulala kitanda kimoja na mwenye chumba, kinyemela, kwa sababu wewe chumba hukupata. Nilibebwa muhula mzima wa kwanza na dada wa mwaka wa tatu ambaye hakunijua wala hakunidai senti. Kitanda cha futi mbili na nusu, yeye kichwa huku, mimi kichwa kule, na yeye ndiye aliyekuwa na mitihani ya mwisho. Nilipofika mwaka wa tatu nikambeba mtu. Nikiulizwa nani ananidai kwa miaka ile, jina la kwanza linalonijia si la chuo. Ni la huyo dada, na yeye nikimpigia leo kumwambia nataka kumlipa, atanitukana.

Uaminifu wa wahitimu ulionigusa kuliko wote niliousoma uko Texas, kwenye chuo kinachoitwa Texas A&M. Kila tarehe 21 Aprili, waliosoma pale hukutana popote walipo duniani. Majina ya wenzao waliofariki tangu mkutano uliopita yanasomwa kwa sauti, moja moja, kama mwalimu anavyoita mahudhurio. Jina likiitwa, ndugu au rafiki wa marehemu anaitika kwa niaba yake: "Nipo." Mshumaa unawashwa. Sisi tuliozoea arobaini na hitma hatuhitaji kufafanuliwa kitu hicho kinafanya kazi gani moyoni. Nilipokisoma mara ya kwanza nilinyanyuka kwenye kiti nikaenda kuchemsha chai.

Chuo hichohicho kilikuwa na desturi nyingine. Kabla ya mechi ya kila mwaka dhidi ya mahasimu wao, Chuo Kikuu cha Texas, wanafunzi walijenga wenyewe mnara mkubwa wa magogo ili wauchome moto. Usiku wa manane, tarehe 18 Novemba 1999, mnara uliporomoka wakiwa juu yake wanafanya kazi. Watu 12 walikufa na 27 wakaumia. Chuo kikaisimamisha desturi ile. Na miaka michache tu baadaye, baadhi ya wanafunzi na wahitimu wakaanza tena kuujenga, nje ya eneo la chuo, kwa gharama zao, kwa sababu kuuacha ilikuwa sawa na kuwasaliti waliotangulia.

Sitaki kuwacheka. Mkono unaoitikia "nipo" kwa niaba ya maiti na mkono unaobeba gogo ni mkono mmoja. Josiah Royce, mwanafalsafa wa Harvard, mwaka 1908 alichapisha kitabu kizima akijaribu kuujenga uadilifu wote juu ya msingi wa uaminifu, na alilijua tatizo hili: hata genge la majambazi lina uaminifu wake. Jibu lake lilikuwa kwamba uaminifu mwema ni ule usiouharibu uaminifu wa watu wengine. Ni jibu la kiungwana, lakini ukiwa ndani ya grupu la WhatsApp la wahitimu saa tano usiku halikusaidii sana.

Na grupu ndilo lililonileta hapa. Miaka michache iliyopita niliandika habari kuhusu mabweni ya chuo nilichosoma. Haikuwa na siri yoyote: wasichana sita kwenye chumba cha wawili, vyoo viwili kwa korido nzima, maji ya kununua kwa ndoo. Niliwapigia wahusika, wakajibu walichojibu, nikakiandika. Asubuhi habari ikatoka. Mchana kaka mmoja aliyetutangulia miaka minne, mtu wa serikalini, mwenye busara zake, ambaye huwa namheshimu, akaandika kwenye grupu: "Mdogo wangu, hivi nyumbani kwenu mkigombana huwa mnaita waandishi?"

Emoji za kucheka zikaanza kushuka. Mwingine akaongeza kwamba mama hata akiwa kichaa ni mama. Mwingine, wa mwaka wangu kabisa, tuliyekuwa tunagombania naye kimbweta chenye kivuli, aliandika neno moja: "Umetuangusha." Kisha mtu akatuma tangazo la kiwanja Kigamboni na maisha yakaendelea.

Sikujibu siku ile, ila hoja ya mama niliibeba muda mrefu, kwa sababu si hoja ya kijinga. Kwetu mtu haanikwi. Mzazi akikosea unaita wazee, mnakaa ndani, mnafunga mlango. Nililelewa hivyo na wanangu nitawalea hivyo. Kwa hiyo sikutaka kuipangua kwa kusema tu chuo si mama, ni taasisi. Nilitaka kuikubali kama ilivyo, niione inanifikisha wapi. Haya, chuo ni mama. Sasa, mama huyu ana watoto wengine ambao bado wako ndani ya nyumba. Wale sita wa chumba cha wawili ni wadogo zangu. Wazee waliitwa mara ngapi? Wanafunzi waliniambia wameandika barua tatu. Mlango ulishafungwa, na wao ndio wamefungiwa ndani.

Wakati nalitafakari hilo nilimkumbuka Sara Ganim. Huyu alihitimu Penn State, Marekani, mwaka 2008, akaajiriwa kama mwandishi wa mambo ya uhalifu na mahakama. Machi 2011, akiwa na gazeti la Patriot-News la Harrisburg, aliandika kwamba Jerry Sandusky, aliyewahi kuwa kocha msaidizi wa timu ya chuo kilekile alichosoma yeye, anachunguzwa kwa tuhuma za kudhalilisha watoto kingono. Novemba Sandusky akakamatwa. Tarehe 9 ya mwezi huo bodi ya chuo ikamfukuza kocha mkuu Joe Paterno pamoja na rais wa chuo, kwa namna suala lile lilivyoshughulikiwa.

Hapo ndipo uaminifu ulipoingia mtaani. Paterno alikuwa kocha mkuu tangu 1966. Yeye mwenyewe alisoma Brown, lakini Penn State aliipenda hivi kwamba yeye na mkewe walichangia mamilioni ya dola na maktaba ya chuo ikapewa jina lao. Si wengi wanaotoa fedha za mpira kujenga maktaba, hilo lazima tumpe. Usiku ule maelfu ya wanafunzi walitoka barabarani kumlilia, na katika vurugu zile wakalipindua gari la kituo cha televisheni. Wakapindua gari la waandishi! Mwaka uliofuata wahitimu wenye hasira wakagombea viti vya bodi vinavyopigiwa kura na wahitimu, wakashinda. Juni 2012 mahakama ikamkuta Sandusky na hatia ya makosa 45. Miezi michache kabla, Ganim na gazeti lake walikuwa wameshapata Pulitzer. Alikuwa na miaka 24.

Huwa nawaza wale vijana waliolipindua gari. Ninaamini kabisa kwamba waliipenda Penn State. Mapenzi yao yalikuwa ya kweli na machozi yalikuwa ya kweli. Lakini ukiuliza nani kati ya wahitimu wote wa chuo kile alikifanyia chuo jambo kubwa mwaka ule, mimi simwoni mwingine zaidi ya huyu binti ambaye wengi wao walitamani asingeandika. Watoto waliodhalilishwa hawakuwa hata wanafunzi wa pale. Nao pia walikuwa wanamdai mtu kitu.

Tukirudi kwenye deni. Kwa Wamarekani deni la mhitimu linahesabika. Michael Bloomberg alihitimu Johns Hopkins mwaka 1964, na mwaka uliofuata akakipa chuo dola 5. Mwaka 2018 alikipa dola bilioni 1.8 kwa ajili ya wanafunzi wasio na uwezo. Hiyo ni zawadi ambayo sina neno nayo. Lakini mfumo unaomzaa Bloomberg una upande wa pili: vyuo vingi vya kule vimekuwa vikiwapa upendeleo wa nafasi watoto wa wahitimu wao, kwa hiyo uaminifu wa baba unamnunulia mwana kiti, na mtoto wa dobi anabaki getini. Johns Hopkins yenyewe iliuacha upendeleo huo, na bila ya fedha za aina ya Bloomberg pengine isingethubutu. Fikiria hapo.

Kwetu jibu lilitolewa mapema, na aliyelitoa hakuwa mtu wa kupindisha maneno. Mwalimu Nyerere aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali na kurudi na chakula cha wengine. Akila asirudi, ni msaliti. Sijui mfano wowote juu ya elimu ya juu, kwa lugha yoyote, wenye makali kama huu. Na angalia mdai ni nani. Chuo humo hakimo kabisa. Kwenye mfano huu chuo ni mlo tu. Anayekudai ni mwenye njaa aliyekusindikiza mpaka mwisho wa kijiji kisha akarudi kukaa chini.

Lakini Mwalimu naye nina neno naye. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya utumishi wa lazima Jeshi la Kujenga Taifa, wakiwemo waliobeba bango la kusema ukoloni ulikuwa afadhali. Walikosea adabu na walikosea hesabu. Mwalimu akakasirika, akatangaza palepale kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, halafu akawafukuza karibu wanafunzi 400, wakarudishwa makwao. Kukata mshahara wake ndilo tendo lililofanana na mfano wake. Kuwafukuza ni kumnyang'anya mtu chakula njiani kisha kumuuliza mbona hakurudi na kitu. Deni la shukrani likishasimamiwa na polisi, linageuka kodi, na kodi watu hukwepa bila dhambi.

Siku hizi deni tunalo kwenye karatasi. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, tukala bumu, tukaanza kukatwa. Makato yalikuwa asilimia 8 ya mshahara, sheria ya 2016 ikayapandisha hadi 15. Mimi nimemaliza mwaka jana, nikapiga picha ile barua ya kumaliza deni nikamtumia mama yangu mzazi. Rafiki yangu mmoja aliyemaliza kabla yangu ana msemo wake: "Nimelipa, hatudaiani." Namwelewa, na nusu ya moyo wangu iko naye. Ila kila nikikaa kuipiga hesabu naona Bodi ilinikopesha ada, chakula na malazi. Haikunikopesha mhadhiri aliyesomeshwa kwa kahawa na pamba za watu kabla sijazaliwa. Haikunikopesha ukumbi uliojengwa wakati mkulima wa Sengerema analipa kodi na mtoto wake anaishia darasa la saba. Na kitanda cha yule dada hakimo kwenye taarifa ya mkopo.

Mwezi Februari grupu letu lilipokea barua kutoka chuoni. Tunaombwa, sisi watoto wa chuo, tuchangie ujenzi wa geti jipya lenye nembo. Mchoro umeambatanishwa, geti zuri kwa kweli, lina nguzo nne. Watu wakaanza kuahidi: elfu hamsini, laki, mwingine laki tatu na picha yake ya joho. Rafiki yangu wa "hatudaiani" akaandika hatudaiani. Mimi niliandika barua pepe nikauliza kama mchango wangu unaweza kwenda kwenye vitanda na magodoro ya bweni la wasichana. Nikajibiwa kwa heshima zote kwamba fomu ina mradi mmoja tu.

Basi tukajikuta watu tisa, tukafungua kagrupu kadogo pembeni. Matroni wa bweni tunamfahamu, bado ni yuleyule, bado anajifanya haoni wanaobebwa. Mpaka sasa tumefikisha fedha za vitanda vya deka vinne. Wiki iliyopita ilinifikia laki mbili kwa M-Pesa kutoka namba ambayo haimo kwenye kagrupu. Ilikuwa ya yule kaka wa serikalini. Hakuandika chochote juu ya ile habari yangu, na sikumuuliza. Nilimjibu, "Asante kaka, imefika." Akaniomba kitu kimoja tu, kwamba nikiandika, nisimtaje jina.